Makabati ya jiko yamevimba kama mandazi hata mwaka haujaisha (Tanga). Bodi gani inahimili huu unyevu?

#1 Bint_Sahare
Salaam wakuu. Nipo Tanga mjini, Sahare, usiku kukitulia unasikia bahari ukiwa kitandani. Mwaka jana mwezi wa nane nilifunga makabati ya jiko, fundi akaniambia kabisa dada hii ni MDF ya kijani, hailiwi na maji, utazeeka nayo. Nikalipa. Masika hii imenipa majibu. Kabati la chini ya sinki ubao wa pembeni umevimba huku chini mpaka ile plastiki ya ukingoni imebanduka imeachama kama kiatu kilichokata soli, mlango wa kushoto haufungi mpaka uupige goti, ndani kuna ukungu mweupe unanuka kama kanga iliyosahaulika kwenye beseni. Nimebonyeza kwa kidole panabonyea, na kinachotoka ni unga unga kama machicha ya nazi. Fundi nikimpigia ananiambia "dada nyie mnamwaga maji sana". Sasa kwa huku kwetu pwani bodi ya kuweka hasa ni ipi? Nimeambiwa marini, nimeambiwa alumini, jirani kasema PVC, mama kasema niachane na makabati nirudi kwenye meza. Mwenye uzoefu aseme.

#2 kaskazi_kali
Nimekaa pale na kahawa yangu na kashata. Picha dada.

#3 FundiNgamiani
Niko kazini nachapa haraka. Kabla watu hawajaanza kutukana mafundi, dada chukua bisibisi ung'oe hinji moja ya mlango, utakuta shimo la duara la milimita 35, lile halina plastiki, chungulia uone rangi ya ndani ya bodi. Alafu fanya hivyo hivyo kwenye boksi, tafuta tundu lolote la skrubu lililo wazi. Urudi hapa.

#4 Bint_Sahare
Nimetoa. Mlango ndani ni kijani iliyopauka kama chai ya mchaichai. Boksi... ni kahawia jamani. Kahawia ya kawaida kabisa.

#5 Dogo_Makorora
UMEPIGWA. Uzi ufungwe.

#6 mhandisi_pori
Usifungwe kwanza. Milango ya kijani na boksi la kahawia ni mchezo wa kawaida maana mteja anaangalia milango. Lakini msiifanye hiyo kijani kuwa hirizi. Ile ni rangi tu, inatiwa kiwandani ili watu wa stoo wasichanganye, kama ile ya kuchelewesha moto inavyotiwa nyekundu. Kuna viwanda vinatengeneza ya kuhimili unyevu na haviipaki rangi yoyote. Tofauti ya kweli iko kwenye gundi. MDF ya kawaida imegandishwa kwa gundi ya yurea, na hiyo ukiipa joto na unyevu kwa muda mrefu inaachia taratibu. Ile nyingine gundi yake imechanganywa melamini, inakaza zaidi.

Na hata hiyo nzuri hakuna aliyeandika haiingii maji, wameandika inahimili UNYEVU, yaani mvuke, hewa nzito, tone ulilolifuta. MDF ni mbao iliyosagwa ikawa pamba, ikabanwa kwenye presi ya moto. Zile nyuzi zimelazwa kwa nguvu, maji yakizifikia zinanyanyuka kutaka unene wake wa zamani, na zikishanyanyuka hata ukianika juani wiki nzima hazilali tena. Mbao halisi inavimba na kurudi, hii inavimba moja kwa moja. Hayo machicha ndiyo hizo nyuzi.

#7 FundiNgamiani
Mhandisi kasema vizuri ila kaacha yangu. Mimi nimefunga boksi za MDF ya kahawia hapa hapa Tanga zina miaka sita hazijavimba, na nimeona ya kijani imekufa kwa miezi minne. Kinachoua ni KINGO. Uso wa bodi umefunikwa na melamini, maji hayapiti pale, yanapita ulipokata. Fundi anabandika ejingi (ule ukanda wa plastiki wa ukingoni) pande zinazoonekana, mbele tu, upande wa chini unaokaa sakafuni anauacha mtupu maana nani atainama kuangalia, na lile tundu la kupitishia bomba la sinki kalikata kwa jigso kaliacha hivyo hivyo na manyoya yake. Kuna wanaobandika kwa pasi ya nguo, joto la huku likifika Januari gundi inalegea. Paka silikoni kila tundu, funga ejingi pande zote nne, miguu ya plastiki iinue boksi sentimita 10 kutoka sakafuni, hiyo kahawia yako itaishi.

Na niseme ukweli, mteja akija na hela ya boksi za kijani nitamfungia kijani. Wengi wanakuja na picha ya simu ya jiko la Dubai na hela ya meza ya genge.

#8 Mzee_wa_Mashua
Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nawasikiliza tu mnavyopiga kelele. Wekeni marini yaishe. Kibanda changu cha kuhifadhia nyavu nimekizungushia marini mwaka wa tano huu inanyeshewa.

#9 kaskazi_kali
Mzee wa Bagamoyo huku Tanga ni waja leo waondoka leo, angalia usibaki 😂

#10 mhandisi_pori
Shikamoo mzee. Hapo kwenye marini tusimpoteze dada. Madukani kwetu ukisema marini unapewa ile plaiwudi yenye ngozi nyeusi au kahawia inayong'aa, ya kufungia zege. Ngozi yake ni karatasi iliyolowekwa gundi ya finoli, hiyo kweli maji hayaipiti, lakini katikati mara nyingi ni mbao laini zina mapengo mapengo, ukikata kingo unaona vishimo unaweza kupitisha njiti ya kiberiti. Imetengenezwa itumike mara kadhaa kwenye zege itupwe. Marini ya boti ni kitu kingine, ya Waingereza inaandikwa BS 1088, tabaka hazina mapengo na gundi inahimili kuchemshwa. Hiyo huipati duka la kona, na ukiipata utakaa chini kwanza.

Mkikuta plaiwudi yenye mhuri wa India IS 303 na herufi MR (moisture resistant, yaani inahimili unyevu), msishangilie. Kwao hiyo MR ni daraja la chini, juu yake kuna BWR inayohimili maji ya kuchemka, na ya boti ni IS 710. Watu wanasoma MR wanadhani ndiyo ile ile ya MDF ya kijani.

#11 Mzee_wa_Mashua
Marahaba. Sawa umenielimisha, yangu ni hiyo nyeusi ya zege. Lakini miaka mitano ni miaka mitano. Na kingo zake nilizipaka sifa ya papa, yale mafuta yake, kama tunavyopaka chombo.

#12 MamaWawili_Kange
Mzee apake sifa ya papa jikoni kwa dada wa watu, wageni wakija wakae nje 🤣🤣

Jamani mimi nina PVC ile nyeupe kama povu gumu, mwaka wa tatu. Kuvimba haivimbi, naosha na sabuni na brashi kama naosha sufuria, mchwa haigusi na mimi nyumba yangu mchwa ni wanafamilia. Ila niwape ubaya wake maana muuzaji hakuniambia. Rafu ndefu inapinda, nilipanga mchele na unga na ndoo ya mafuta lita 20 ikawa kama machela. Skrubu za hinji zinachomoka, nyama ya ndani ni laini, fundi wangu ilibidi arudi apitishe bolti mpaka upande wa pili aweke na nati, zinaonekana kama vifungo vya koti. Na pale jirani na jiko la gesi mlango umejikunja, nilikuwa nachemsha maharage karibu kila siku mvuke unaupiga. Joto la digrii 70 au 80 tu inaanza kulainika na sufuria inayochemka si mnajua iko wapi.

#13 Dogo_Makorora
Alumini basi. Mjomba anafunga alumini, hakuna maji hakuna mchwa.

#14 MamaWawili_Kange
Alumini ni sawa ila dada yangu anayo, ukifunga mlango nyumba nzima inajua umechukua sukari.

#15 FundiNgamiani
Na huku baharini alumini ina ugonjwa wake. Wanafunga kwa skrubu za chuma cha kawaida, chumvi ikiingia pale chuma kilipogusana na alumini panatoka unga mweupe, tundu linapanuka, hinji inacheza. Hinji zenyewe hizi za kung'aa ni chuma kilichopakwa, Sahare hazimalizi miaka miwili bila kutu. Tafuta za stenlesi kwelikweli, sumaku isizivute sana. Hilo ni kwa bodi yoyote ile.

#16 Msambaa_Halisi
Hivi nyie watu wa pwani mbao mmezisahau? Msaji (mtiki) wa shamba la Longuza uko hapo Muheza, unafika kwa daladala. Mninga upo. Mkongo upo. Babu zenu walikula kwenye mbao. Mimi natoka Lushoto, shida moja tu niliyoiona, tulichonga milango kwa saiprasi ya Shume, imekauka vizuri kwa baridi ya kule, tukaileta Tanga kwa mteja, masika ikavimba haifungi akatuita matapeli. Baadaye mwalimu wangu wa useremala akanieleza kwamba mbao inafuata hewa ilipo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50 mbao inatulia na maji kama asilimia 9, ukiipeleka kwenye asilimia 80 inapanda mpaka 15 au 16. Na inatanuka upana, urefu karibu haubadiliki kabisa. Kwahiyo mbao ikae pwani wiki tatu nne kabla hujaichonga na mlango uache mwanya. Tukarudi tukapiga randa milimita tatu, mpaka leo inafunga.

#17 kaskazi_kali
Msambaa anatangaza biashara kimya kimya. Mods mmelala?

#18 Mjukuu_wa_Pangani
Bibi yangu Pangani jiko lake halikuwa na kabati hata moja. Vyombo vinafudikizwa kwenye uchaga nje jua linawaka, vya ndani vinakaa kwenye susu inaning'inia darini, panya hafiki, hewa inapita juu na chini. Sisi tumechukua maboksi ya watu wa nchi kavu tumeyabandika ukutani, hewa haipiti, tunafungia humo sufuria mbichi, alafu tunalaumu bodi.

Mimi nilivyojenga nilimwaga slabu ya zege, kuta za kugawa ni tofali nyembamba, ndani nikapiga tailizi, mbele ndio nikaweka milango ya mninga yenye luva, vile vibao vya kupitisha hewa. Hakuna boksi, hakuna cha kuvimba. Mlango ukinichosha naubadilisha huo huo.

#19 Dogo_Makorora
Mende je?

#20 Mjukuu_wa_Pangani
Mende wapo. Wanapita kwenye luva. Siwezi kukudanganya.

#21 Bint_Sahare
Asanteni wote nasoma kila kitu. Kuna jambo nataka niulize kabla sijabomoa, maana linanichanganya. Ubao wa pembeni uliovimba ni wa kulia wa sinki. Wa kushoto ni bodi ile ile ya kahawia, fundi yule yule, ejingi mbele tu, nao umekaa sakafuni vile vile. HAUJAVIMBA. Mlango wa kushoto haufungi kwa sababu boksi limesukumwa. Sasa kama ni bodi mbovu au kingo, mbona mmoja?

#22 Mpiga_Plasta
Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo. Dada huo ubao wa kulia unagusa ukuta wa nje?

#23 Bint_Sahare
Ndio, ndio kona ya nyumba.

#24 Mpiga_Plasta
Basi bodi haina kosa. Nyumba nyingi za ukanda huo mchanga wa plasta umechotwa karibu na maji, una chumvi, na ukuta hauna lile karatasi jeusi la kuzuia maji chini ya tofali la kwanza. Chumvi ikiwa ndani ya ukuta, hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 inavuta maji yenyewe kutoka hewani, si mnaona kibakuli cha chumvi masika kinavyokuwa uji? Ukuta unalowa bila bomba kupasuka. Na rangi inatoka magamba magamba na unga mweupe, huo "ukungu mweupe" mimi nauliza kama ni ukungu. Ulambe.

#25 kaskazi_kali
ULAMBE?? 😂😂😂 Dada usilambe ukuta kwa ushauri wa mtandaoni.

#26 Mpiga_Plasta
Kwa ncha ya kidole. Ukiwa wa chumvi utajua.

#27 FundiNgamiani
Mafundi wa ukuta na nyinyi kila kitu ni ukuta. Kulia kwa sinki ndiko kuna nini? Bomba la kutolea maji. Maji machafu yanapita pale, trepu (kile kipinda cha bomba chini ya sinki) ikilegea kidogo tone moja kwa dakika huoni kitu, linatelemka ukutani linakaa chini ya boksi. Nimefungua makabati mengi, saba kati ya kumi ni trepu.

#28 mhandisi_pori
Saba kati ya kumi umehesabu lini fundi 😄 Dada fanya hivi. Kata kipande cha nailoni safi ukubwa wa sahani, kibandike ukutani nyuma ya kabati kwa utepe wa gundi pande zote pasiingie hewa, subiri saa 24. Maji yakiwa upande wa ndani yametoka ukutani, yakiwa upande wa nje yametoka hewani. Na chini ya trepu weka gazeti kavu.

#29 Nesi_wa_Usiku
Nje ya mada kidogo. Hivi ile harufu ya makabati mapya inayochoma macho ni nini? Nilifunga Desemba, kila nikifungua droo natokwa machozi kama nakata vitunguu.

#30 mhandisi_pori
Hiyo ni fomaldehidi inatoka kwenye gundi. Joto na unyevu vikizidi inatoka zaidi, ndiyo maana Desemba yetu inaisikia. Tafuta bodi zilizoandikwa E1, hizo zina kiwango kidogo. Na kingo zikizibwa nayo inapungua, hapo nampa fundi pointi. Fungua madirisha, droo zikae wazi mchana.

#31 Mwalimu_Pongwe
Kwa wanaobishana bodi bila kupima. Mimi niliomba vipande vya mabaki kwa fundi, MDF kahawia, MDF kijani, chipbodi na plaiwudi, vyote vya kama vidole vitatu, nikapima unene kwa kalipa nikazamisha kwenye ndoo saa 24. Chipbodi ilinuna kwanza, asubuhi inamomonyoka pembeni kama biskuti kwenye chai. Kahawia ya milimita 18 ikafika 20 na ushee. Kijani 19. Plaiwudi karibu haikuongezeka lakini kona moja tabaka zilianza kuachana. Nikaanika vyote wiki. Plaiwudi ikarudi, zile nyingine hazikurudi. Wanafunzi walifurahi sana, mke wangu hakufurahi ilikuwa ndoo ya kupikia.

#32 Mzee_wa_Mashua
Mwalimu hukupima na ile yangu ya zege.

#33 Mwalimu_Pongwe
Sikuwa nayo mzee. Nitumie kipande na basi.

#34 Dogo_Makorora
Kwahiyo jibu ni plaiwudi?

#35 FundiNgamiani
Plaiwudi ipi? Ya kwake kona imeachana kwa siku moja. Ukiikuta nzuri, tabaka zake gundi inakuwa mstari wa rangi nyeusi nyeusi, hiyo mara nyingi ni finoli. Ikiwa nyeupe kuwa na wasiwasi. Na plaiwudi tupu lazima uibandike fomaika au uipake vanishi kila upande, hata wa nyuma. Gharama hiyo jumlisha.

#36 Bint_Sahare
Nimerudi. Jana Jumamosi tumelitoa boksi lote. Naomba mnisome taratibu.

Nailoni: maji pande ZOTE mbili. Ndani matone madogo, nje ukungu wa maji umeshikana.
Gazeti chini ya trepu: lina doa moja saizi ya shilingi mia mbili.
Chini ya boksi: kingo hazina kitu, zimegusa tailizi moja kwa moja, na msichana wangu anadeki kwa kumwaga ndoo alafu anasukuma na mpira wa kudekia kuelekea kona ile ile ya kulia kwa sababu ndiko mlango wa nje uliko.
Na ule unga mweupe nimeulamba. Ni chumvi. Ila wa ndani ya kabati juu juu hauna chumvi, ni ukungu kweli.

#37 Mpiga_Plasta
NILISEMA.

#38 FundiNgamiani
Umesema nini, gazeti si lina doa? Na kingo si tupu?

#39 MamaWawili_Kange
Na ndoo ya kudekia mbona hamuitaji. Wanaume hamjawahi kudeki nyie.

#40 mhandisi_pori
Ubao wa kushoto nao unadekiwa lakini. Ingekuwa ndoo peke yake wangevimba wote.

#41 MamaWawili_Kange
Kasema anasukuma kuelekea KULIA. Soma.

#42 Mpiga_Plasta
Doa la shilingi mia mbili haliwezi kuvimbisha ubao mpaka sentimita 20 juu. Ukuta ndio unapanda. Kwangua plasta ya pale mpaka kwenye tofali, acha ikauke mpaka kaskazi irudi, piga upya kwa mchanga wa mtoni. Ukiweka hata dhahabu pale kabla ya hapo itaota kutu.

#43 FundiNgamiani
Akae bila jiko mpaka Desemba? Dada acha mwanya wa sentimita tatu ukutani, boksi lipande miguuni, trepu ibadilishwe leo, niite nikufungie la kijani, ejingi pande nne.

#44 Mjukuu_wa_Pangani
Au slabu.

#45 Bint_Sahare
Kwa sasa trepu imebadilishwa na msichana anadeki na tambara. Sufuria ziko kwenye meza, mama anacheka hajasema kitu. Fundi wa kwanza nimemtumia picha ya lile shimo la kahawia, amenijibu "nitapita". Mwenye kuhitaji milango minne ya kijani haijavimba, hinji zina kutu, aje PM.

#46 Msambaa_Halisi
Vipimo? Nina banda la kuku.